Je, Wajua? Mgomo Uliotembea Bandari kwa Bandari

Je, wajua kwamba Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, mambo mengine yalikuwa yanaiva pwani yetu? Bei zilikuwa zimepanda, chumba cha kupanga Mombasa kilikuwa adimu, na mshahara haukulingana na soko. Askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walirudi kutoka Burma wakakuta maisha ndiyo hayo.

Je, wajua kwamba tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama? Watu wapatao 15,000 waligoma kwa siku kumi na mbili: makuli wa gatini, wafanyakazi wa reli, wa hoteli, hata wapishi na maboi wa majumbani. Walikutana uwanjani, na uwanja ule wakaupa jina lao wenyewe: Kiwanja cha Maskini. Hebu litamke jina hilo taratibu. Hawakuona aibu kujiita maskini. Aibu waliiacha kwa waliowalipa.

Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, aliwasihi warudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yangesikilizwa. Baadaye mishahara iliongezwa. Lakini Chege Kibachia, kiongozi wa chama cha wafanyakazi hao, alikamatwa Agosti mwaka uleule akapelekwa kizuizini Kabarnet, mbali na bahari na mbali na watu wake. Septemba, polisi waliwapiga risasi wagomaji wa kiwanda cha nyama ya nguruwe huko Uplands, karibu na Limuru. Watatu walikufa.

Je, wajua asili ya neno "kibarua"? Ni barua ndogo. Mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kuhesabia siku zake, na jina la karatasi likamganda mwenyewe. Makuli wengi wa bandarini walikuwa vibarua: leo kuna meli, kuna ugali; kesho hakuna meli. Ndiyo maana hata sasa aliyeachishwa kazi tunasema kibarua chake kimeota nyasi.

Je, wajua kwamba Septemba hiyohiyo ya 1947 makuli wa Dar es Salaam nao waligoma, na mgomo ukapanda bara kwa njia ya reli? Chama chao kilipoundwa, katibu wake alikuwa Abdulwahid Sykes, kijana aliyepigana Burma. Mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika.

Je, wajua kwamba Agosti 1948 ilikuwa zamu ya Unguja? Makuli walianza, na Septemba mji mzima ukafuata. Miongoni mwa watoto wa kisiwani wakati huo alikuwamo Adam Shafi, mwenye umri wa miaka minane hivi. Alipokua aliandika riwaya juu ya watu wa bandari ile na mgomo wao. Aliiita *Kuli*.