Kiwewe cha Uhalifu na Jirani wa Kujitolea Kisii na Nyamira

Kiwewe, kwa maana inayotumiwa na wataalamu wa afya ya akili, ni athari inayobaki katika akili na mwili wa mtu baada ya kukumbwa na tukio lililohatarisha uhai wake au kuvunja utu wake, au baada ya kushuhudia tukio kama hilo likimpata mtu wa karibu. Mwuzaji wa ndizi katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii ambaye ameporwa kwa kutishiwa panga kabla ya mapambazuko huenda akapona jeraha la mkono kwa majuma machache, lakini akaendelea kushtuka kila anaposikia pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yake, akakosa usingizi, akaikwepa njia aliyoizoea na hatimaye akaacha kwenda sokoni. Kwa watu wengi dalili hizi hufifia zenyewe katika majuma ya mwanzo, hasa wanapokuwa na mtu wa kumwegemea. Zinapodumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi, malezi au ndoa, wataalamu huanza kuzungumzia ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe, ambao huhitaji tiba. Swali la nani aliye karibu na mwathiriwa katika majuma hayo ni la kitabibu kama lilivyo la utu.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, aliye karibu mara nyingi ni mhudumu wa afya ya jamii, yaani mkazi wa kijiji aliyechaguliwa na kufunzwa ili azitembelee kaya za jirani zake. Wahudumu hawa walifanya kazi kwa kujitolea kwa miaka mingi, na ingawa Septemba 2023 serikali iliwatambua rasmi zaidi ya 100,000 kati yao nchini kote na kuwapa vifaa, posho yao ni ndogo kiasi kwamba bado ni haki kuwaita watu wa kujitolea. Pembeni yao wapo akina mama wa vikundi vya makanisa, ya Kikatoliki na ya Kiadventista hasa, pamoja na wazee wa Nyumba Kumi, mpango wa ulinzi wa ujirani ulioanza mwaka 2013. Madaktari wa magonjwa ya akili nchini Kenya ni wachache na wengi wao wako katika miji mikubwa, hali iliyolifanya jopokazi la kitaifa la mwaka 2020 kupendekeza kwamba ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya taifa.

Kinachotarajiwa kwa mtu wa kujitolea huitwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 uliieleza kwa vitendo vitatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Kutazama ni kuangalia kama mahali ni salama na nani ana dhiki kubwa zaidi. Kusikiliza ni kukaa na mwathiriwa bila kumhoji, kumhukumu wala kumpa ahadi zisizo na msingi. Kuunganisha ni kumfikisha kwa jamaa, hospitali, polisi au mshauri nasaha. Mtu asiyezoea mambo haya hudhani kwamba msaada mkubwa ni kumfanya aliyeumizwa asimulie yote aliyotendewa ili moyo upate nafuu, na kwa muda mrefu hata baadhi ya wataalamu waliamini hivyo. Uchunguzi wa majaribio mbalimbali, uliojumlishwa na kuchapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kikao kimoja cha kumsimulisha mtu mara baada ya tukio hakizuii ugonjwa, na kwamba huenda kikamdhuru. Mhudumu anayenyamaza na kuchemsha chai anaweza kuwa amefanya kazi ya kitaalamu zaidi kuliko yule anayeuliza maswali kumi.

Katika makosa ya kingono, kuunganisha kuna saa yake. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza kutumiwa ndani ya saa 72, na dawa za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na mapema ni bora kuliko baadaye. Nguo alizovaa mwathiriwa hazifuliwi, nazo huwekwa katika mfuko wa karatasi kwa kuwa unyevu wa plastiki huharibu ushahidi. Hospitali hujaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, polisi hutoa fomu ya P3 ya uchunguzi wa kitabibu, na simu za bure 1195, ya dhuluma za kijinsia, na 116, ya watoto, hupokea taarifa. Haya yote hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu anayeyajua usiku ule ule.

Kwamba watu wasio wataalamu wanaweza kwenda mbali zaidi ya hapo kulithibitishwa na jaribio lililofanyika katika viunga vya Nairobi na kuchapishwa mwaka 2017, ambapo wahudumu wa jamii wasio na mafunzo ya awali ya afya ya akili waliwaongoza wanawake waliopitia dhuluma za kijinsia katika vikao vitano vya kutatua matatizo na kutuliza mwili, na dhiki yao ikapungua kuliko ya wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Nafuu hiyo ilikuwa ya wastani, jambo ambalo wafadhili wa miradi hupenda kulisahau, na wahudumu hao walisimamiwa kwa karibu.

Lakini Kisii si Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti hiyo, takriban 957 kwa kila kilomita moja ya mraba, na wengi wao huishi katika vilima ambako ndugu wa ukoo mmoja wamegawana mashamba membamba yanayopakana. Mke aliyeolewa kutoka ukoo mwingine amezungukwa na wakwe na mashemeji, hivyo mhudumu anayebisha hodi kwake huenda ni shemeji wa mtu aliyempiga, na siri aliyoitoa asubuhi inaweza kumrudia jioni kutoka kwa mama mkwe. Ukaribu unaomfanya jirani awe wa kwanza kufika ndio huo huo unaoweza kumfunga mwathiriwa mdomo, na mradi wowote unaojivunia ukaribu huo bila kumpa mwathiriwa uwezo wa kumchagua mhudumu wa kijiji kingine umefanya nusu ya kazi.

Umri nao una uzito. Kanuni za heshima ambazo Abagusii, wenyeji wa kaunti hizi mbili, huziita chinsoni huzuia mazungumzo ya mambo ya mwili kati ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto, huku zikiruhusu uhuru na utani kati ya wajukuu na nyanya zao. Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyechapisha mwaka 1959 uchunguzi kuhusu makosa ya kingono kati ya Abagusii, aliandika kwa kina kuhusu kanuni hizi. Msichana aliyenajisiwa huenda akamweleza mwanamke mwenye umri wa nyanya yake neno ambalo hatalitamka mbele ya mwanamke wa rika la mama yake, hata kama huyo wa pili amefunzwa vizuri zaidi.

Tatizo zito zaidi ni suluhu ya nyumbani, pale wazee wanapoikutanisha familia ya mkosaji na ya mwathiriwa, fidia ikalipwa na kesi ikazimwa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 kiliweka uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, mamlaka ambayo sasa ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, hivyo hakuna baraza la kijiji wala mhudumu mwenye ruhusa ya kupatanisha kosa la aina hiyo. Zaidi ya hayo, kuna uhalifu ambao kijiji chenyewe ndicho mshtakiwa. Mei 2008 watu 11, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa moto katika eneo la Kisii wakituhumiwa uchawi, na Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani, katika kaunti ya Kisii, kwa tuhuma hiyo hiyo. Mtoto wa marehemu aliyebaki kati ya majirani waliotazama, au walioshika mawe, hawezi kufarijiwa na mmoja wao, na hapo msaada unapaswa kutoka nje: hospitali ya rufaa, kanisa la mbali, kaunti jirani.

Mhudumu mwenyewe huumia pia, kwa kuwa anayesikiliza masimulizi ya ukatili kila juma huanza kuota ndoto za wengine na kukasirika haraka, hali inayoitwa kiwewe cha kuambukizwa. Kinga yake ni kukutana kwa ratiba na msimamizi aliyesomea kazi hiyo, ambaye humpa nafasi ya kueleza yaliyomlemea bila kutaja majina na humwambia waziwazi ni kesi ipi aiachie wengine. Mzigo wake ni wa kifedha pia: Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014 iliunda hazina ya kuwasaidia waathiriwa wa uhalifu, ilhali nauli ya bodaboda kutoka kijijini hadi hospitalini usiku, mara nyingi, hutoka katika mfuko wa mhudumu.