Sienta mpya: Je, Kwale tusubiri au tununue iliyopo?

Ukitaka kujua familia za Pwani Kusini zinavyosafiri, usiende kuuliza hotelini Diani. Simama pale Likoni jioni ya Ijumaa, magari yanaposhuka kutoka kwenye feri kuelekea Tiwi, Ukunda, Msambweni na Lungalunga, kisha uchungulie madirishani. Ndani ya gari la viti vitano utamwona baba kwenye usukani, mama kando yake amempakata mtoto, na nyuma shangazi, bibi na watoto watatu waliobanana kama dagaa. Buti nayo imefungwa kwa kamba kwa sababu ya gunia la mchele na mkungu wa ndizi. Askari wa trafiki akiinua mkono tu, kila mmoja humo ndani anajua kosa ni lipi, hata yule anayenyonya.

Basi usishangae kwamba barazani Ukunda siku hizi, baada ya siasa na kandanda, mazungumzo huishia kwenye magari madogo ya viti saba. Na swali ni lile lile: ile Sienta mpya itafika lini?

Niliulizwa swali hilo na mwalimu mmoja wa huko Milalani, Msambweni. Ana watoto wanne na mke, na anamtunza mamake mzazi ambaye magoti yamemchoka na ambaye hana budi kupelekwa kliniki kila mwezi. Mwalimu amekuwa akiweka akiba katika chama cha ushirika kwa muda wa miaka sita. Pesa zimekaribia kutosha, ndipo kijana mmoja akamwonyesha kwenye simu picha za gari jipya, la duara kidogo, la rangi ya udongo, na kumwambia: "Mwalimu, ukinunua hii ya zamani utajuta, mpya iko njiani."

"Dada," akaniambia, "wewe ndiwe mwandishi. Ninunue au nisubiri?"

Jibu lake si fupi, kwa hivyo vumilia.

Huko Japani kuna majarida yanayojipatia riziki kwa kubahatisha. Best Car na Mag-X, kwa mfano, huwachorea wasomaji gari ambalo kampuni bado haijalionyesha: taa zitakaa hivi, injini itakuwa hii, litazinduliwa mwezi fulani. Wakati mwingine hupatia, wakati mwingine huchekesha. Lakini kwa Mjapani, kubahatisha huko hukoma siku gari linapozinduliwa. Kwetu sisi ndiko huanzia. Gari linalozinduliwa Tokyo leo ndilo litakaloegeshwa chini ya mwembe Msambweni miaka sita au saba ijayo, baada ya familia nyingine kulilipia, kulitumia, kumwaga maziwa kwenye viti vyake na kulichoka.

Sheria ndiyo inayoamua. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, haliruhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kila Januari mlango husogea kwa mwaka mmoja. Mwaka 2025 ulikuwa wa magari ya 2018 na kuendelea. Mwaka 2026 ni wa magari ya 2019 na kuendelea. Kwa hesabu hiyo, huhitaji mganga wala jarida la Kijapani kukuambia yajayo. Chukua mwaka wa gari, ongeza saba, nawe umejua mwaka wake wa mwisho wa kupita bandarini Mombasa.

Hebu tuitumie hesabu hiyo kwa Toyota Wish. Gari hili lilizinduliwa Januari 2003, likabadilishwa umbo mwaka 2009, na Toyota wakaacha kuliunda mwaka 2017. Sidhani kuna kijiji katika barabara ya Lungalunga ambako Wish haijawahi kubeba maharusi, mgonjwa au maiti. Lakini kwa kuwa ya mwisho ni ya 2017, mlango wake ulifungwa Desemba 2024. Wish unayoiona ikiuzwa leo tayari ni gari la Kenya, limeshaonja mashimo yetu na mafundi wetu. Bei yake haishuki sana, maana watu wanalipenda, lakini usimruhusu muuzaji akuambie kwamba "imetoka melini juzi".

Sienta ndiyo iliyorithi kiti hicho. Jina lenyewe, Toyota wanasema, limetokana na neno la Kihispania la saba, yaani viti saba. Ya kwanza ilitoka mwaka 2003, ya pili Julai 2015, na ya tatu, hii ya kwenye simu ya yule kijana, Agosti 2022. Kwa hivyo, msomaji, gari linaloitwa "lijalo" huko barazani limekwisha kuundwa zamani, na Wajapani wanapelekea watoto shule hivi sasa.

Kisheria hakuna kinachoizuia kuingia hata leo. Kinachoizuia ni mfuko. Mamlaka ya Ushuru, KRA, inapokadiria gari lililotumika, hupunguza thamani yake kulingana na umri. Lililokaa miaka saba hupunguziwa zaidi ya nusu; lililokaa mwaka mmoja au miwili hupunguziwa kidogo. Juu ya thamani hiyo ndipo huwekwa ushuru wa forodha, ambao ulipandishwa hadi asilimia 35 mwaka 2023, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16, na ada nyingine ndogo ndogo. Sienta ina nafuu moja hapa: injini yake ya petroli haizidi 1,500cc, hivyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 20, ilhali Wish yenye injini ya 1.8 ilikuwa kwenye kundi la asilimia 25. Hata hivyo, kuagiza ile ya umbo la 2022 wakati huu ni kulipia upya wake mara mbili, Japani na Mombasa.

Sasa piga hesabu. Sienta za umbo la pili ziliendelea kuuzwa hadi 2022, maana yake zitaweza kuingia Kenya hadi mwaka 2029. Ile mpya itaanza kuwa ya bei ya mwalimu kuanzia 2028 hivi, na kufikia 2030 ndiyo itakayokuwa ikishuka pekee yake. Kumekuwa pia na rasimu za sera za kupunguza ule umri wa miaka minane, na ingawa hazijatekelezwa, siku zikitekelezwa hesabu hii yote itavurugika na bei zitapanda. Anayesubiri asubiri akijua hilo.

Na ataongezewa nini kwa kusubiri? Nimelisoma gari lenyewe kwa makini. Injini mpya ya silinda tatu badala ya nne, mwili imara zaidi, vifaa zaidi vya kumwonya dereva kabla hajagonga. Lile la haibridi, yaani lenye petroli na mota ya umeme, kwa vipimo vya Kijapani hwenda zaidi ya kilomita 28 kwa lita. Vipimo hivyo havikuchukuliwa kwenye foleni ya Likoni, lakini hata ukikata robo bado ni gari lisilo na kiu. Viti ni vitano au saba, na urefu haufiki mita 4.3, sawa na lililotangulia. Kwa ufupi, ni zuri zaidi, ila si gari la aina nyingine.

Kitu kinachoifanya Sienta ifae familia kipo kwenye zote mbili, nacho ni mlango. Milango ya nyuma husukumwa kando kama ya matatu, na sakafu iko chini, takriban sentimita 33 kutoka ardhini. Kama umewahi kusimamisha gari pembeni mwa barabara pale Ukunda, bodaboda zikipita kulia na kushoto kama nyuki, unajua mlango wa kawaida unaofunguliwa na mtoto ni hatari ya namna gani. Ndani ya feri nako magari husongamana hadi huwezi kufungua mlango wa kawaida kwa upana. Tangu mkasa wa Septemba 2019, gari la familia lilipoteleza nyuma kutoka kwenye feri likazama, mimi binafsi siwezi kuvuka Likoni bila kuhakikisha breki ya kuegesha imekaza na kila mtoto anaweza kujifungulia. Shukrani kwa Dongo Kundu kwamba tangu 2024 mtu wa Kwale anaweza kutokea Kibundani na kufika bara bila kupanda feri.

Lakini sikufichi ubaya wake, kwa sababu wauzaji hawatakuambia.

Viti saba si watu wazima saba. Safu ya tatu ni ya watoto au ya shemeji mwembamba kwa safari fupi. Na ukiijaza, buti haipo tena. Unabaki na nafasi ya mifuko miwili mitatu. Mkungu wa ndizi chagua: ama yeye au shangazi. Safu hiyo hukunjwa ikaingia chini ya safu ya kati, jambo la ajabu kulitazama, ila fanya mazoezi nyumbani kwanza, si mbele ya soko la Kombani watu wakikucheka.

Tumbo la gari liko karibu na ardhi. Kwenye lami ya Likoni hadi Lungalunga halina shida, mradi upunguze mwendo kwenye matuta. Lakini kama kwako ni ndani kabisa kule Kinango, ambako mvua ikinyesha barabara inageuka mto, samahani, Sienta si yako, ya zamani wala mpya. Nunua Probox au endelea na pikipiki. Nasema hivi nikijua kuna watu watakaonuna.

Kisha kuna bahari. Chumvi ya upepo wa Diani hula chuma bila kubagua chapa. Ile reli ya chini ambamo mlango unateleza hukusanya mchanga; mchanga ukikaa, mota ya mlango hulemewa, na siku moja mlango unakataa kufunga ukiwa Gazi usiku. Brashi na maji baridi kila wiki, basi. Na kwenye haibridi, betri ile kubwa hupoozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari. Tundu lake likizibwa na vumbi au na leso ya mtoto, betri huchemka na kufa mapema. Mwulize fundi akuonyeshe liko wapi kabla hujatoa pesa.

Kuhusu ununuzi, omba karatasi ya mnada wa Japani, ile ya asili, umtafute mtu anayeisoma. Alama ya 4 au zaidi ni nzuri, herufi R huashiria gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Linganisha kilomita zilizoandikwa humo na zile zilizo kwenye dashibodi. Nimeona gari ambalo lilivuka bahari na kilomita zikapungua njiani, kana kwamba lilirudi nyuma.

Jambo moja dogo litakufurahisha. Ukiwasha gari hilo asubuhi, mama mmoja wa Kijapani atazungumza kwa adabu kutoka kwenye dashibodi. Watoto watamkariri hadi wamweze. Wengi hudhani anawaombea safari njema. Kwa kawaida analalamika tu kwamba kadi ya kulipia barabara za kwao haijawekwa.

Nikamwambia mwalimu hivi: kitinda mimba wake ana miaka mitano. Akisubiri 2029, mtoto huyo atakuwa na minane na yule mkubwa pengine hayupo nyumbani tena. Magoti ya mama nayo hayasomi kalenda ya KEBS. Anunue ya umbo la pili, ya petroli au haibridi kulingana na alivyo karibu na fundi anayemwamini, na ile mpya awaachie wanawe waibishanie. Nilimwambia pia asikope hata shilingi ya kuongezea rangi au magurudumu ya kung'aa.

Hakunijibu ndiyo wala la. Jumamosi iliyofuata tulikwenda pamoja hadi yadi moja Mombasa, na akamleta mamake. Muuzaji akaanza kusifu taa, redio na kamera ya nyuma. Bibi hakumsikiliza. Alisimama mbele ya mlango, mwanawe akabonyeza, mlango ukajisogeza wenyewe. Bibi akashika kiti, akainua mguu mmoja, akatulia, akainua wa pili, akakaa. Hakuna aliyemshika mkono.

Akatazama huku na huku, kisha akauliza, "Mwanangu, mkongojo unakaa wapi humu?"