Serikali ya Michezo: Bustani za Illinois na Malezi ya Watoto

Katika jimbo la Illinois, Marekani, uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika mwezi Aprili kila baada ya miaka miwili. Mpiga kura wa vitongoji vinavyolizunguka jiji la Chicago hukabidhiwa karatasi ndefu: wagombea umeya, wajumbe wa bodi ya shule, wa maktaba, na huko chini majina ya watu wanaoomba kusimamia bustani. Hawa si madiwani wanaoahidi bustani pamoja na barabara na mitaro. Wanagombea bustani tu. Atakayeshinda ataketi kwenye bodi ya makamishna watano au saba, hatapata mshahara, lakini bodi yake itakuwa na uwezo wa kutoza kodi ya majengo, kukopa, kununua ardhi na kuajiri. Jimbo hilo lina mamlaka za bustani za namna hiyo zaidi ya 300, na kazi yao kubwa ni kuhakikisha watu wanacheza.

Mgeni atauliza kwa nini halmashauri ya mji isiifanye kazi hiyo. Jibu limo katika historia ya fedha. Katiba ya Illinois ya mwaka 1870 iliziwekea halmashauri kikomo cha deni. Mji uliokwishafika kwenye kikomo hicho haukuweza kukopa tena hata kama wananchi walitaka bustani, kwa hiyo ikaundwa mamlaka nyingine juu ya ardhi ileile, yenye kikomo chake na kodi yake. Mtindo huo ulienea hadi Illinois ikawa na serikali ndogondogo karibu 7,000, nyingi kuliko jimbo lolote la Marekani, na walipa kodi hawaachi kunung'unika kila ankara inapofika. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hapo ndipo nguvu ya bustani hizi ilipo. Meya mwenye shimo barabarani hawezi kuchukua fedha za bwawa la kuogelea kulizibia.

Zilianza kama bustani za matembezi. Mwaka 1869 bunge la jimbo liliunda tume tatu za bustani kwa ajili ya Chicago: ya kusini, ya magharibi, na ya Lincoln Park upande wa kaskazini. Tume hizo zilitengeneza maziwa ya kuchimbwa, njia zilizopandwa miti na barabara pana za magari ya farasi. Zilikuwa nzuri mno, na zilikuwa mbali mno na watu waliozihitaji zaidi. Mfanyakazi wa machinjio makubwa ya kusini mwa jiji, Mpolandi au Mlithuania aliyeshuka melini juzi, alipanga chumba kimoja na familia nzima, bila bafu, na watoto wake walicheza kando ya mifereji iliyobeba damu na mafuta ya ng'ombe. Wanaharakati kama Jane Addams wa Hull House, nyumba ya huduma kwa wahamiaji, walikwisha kuonyesha katika miaka ya 1890 kwamba kiwanja kidogo chenye bembea katikati ya mtaa wa maskini kina faida kuliko bustani kubwa isiyofikika.

Aliyeligeuza wazo hilo kuwa majengo ni J. Frank Foster, msimamizi wa tume ya bustani za kusini. Kuanzia mwaka 1905 tume yake ilifungua bustani ndogo za mitaani, zilizochorwa na ndugu wa familia ya Olmsted, na majengo yake yakasanifiwa na kampuni ya Daniel Burnham. Moja yao, Davis Square, iliwekwa karibu kabisa na machinjio. Kilichokuwa kipya ni jumba lililosimama katikati ya bustani. Ndani yake mlikuwa na ukumbi wa mazoezi wa wanaume na mwingine wa wanawake, ukumbi wa mikutano na ngoma, vyumba vya vikundi, mara nyingi maktaba, mkahawa wa chakula cha bei ndogo, na mabafu. Mabafu hayo hayakuwa pambo. Maelfu ya watu hawakuwa na mahali pengine pa kuogea kwa maji ya moto. Nje kulikuwa na bwawa la kuogelea na mchanga wa watoto. Sifa zilienea upesi, na mwaka 1907 chama cha viwanja vya michezo cha Marekani kilifanya mkutano wake wa kwanza Chicago, wajumbe wakaja kujionea. Miji mingi iliiga.

Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, mwaka 1934, mamlaka 22 zilizokuwa zikiligawana jiji ziliunganishwa kuwa Chicago Park District. Leo ina bustani yapata 600 zenye zaidi ya ekari 8,800, majumba ya bustani zaidi ya 200, fukwe za Ziwa Michigan, na hata uwanja wa Soldier Field inakochezea timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chicago Bears. Chombo kinachomiliki uwanja huo ndicho kinachomfundisha mtoto wa miaka mitatu kupiga kichwangomba kwenye godoro. Kwa Chicago makamishna hawachaguliwi kwa kura. Saba wote huteuliwa na meya.

Lakini raia wa kawaida ukimuuliza bustani zinamsaidia nini, hatakutajia ekari. Atakutajia saa tisa alasiri.

Shule za msingi huko, kwa wastani, hufunga alasiri mapema, na kazi za wazazi huisha saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Bibi yuko jimbo jingine, umbali wa saa tatu kwa ndege. Msaidizi wa ndani ni wa matajiri, kwa sababu mshahara wake halali unaweza kumaliza wa mama mwenye nyumba. Jirani hamfahamu mtoto, na akimwona anarandaranda peke yake huenda akapiga simu polisi. Kwa miaka mingi sheria ya Illinois ilimtaja mtoto wa chini ya miaka 14 kuwa wa kutoachwa bila uangalizi kwa muda usiofaa. Mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha muswada wa kuanzisha vituo vya malezi nchi nzima, na mwezi Desemba Rais Richard Nixon akaukataa kwa kura ya turufu. Taifa halikuwahi tena kukaribia mpango mpana kama ule. Pengo likabaki, na mamlaka za bustani, zenye majengo, walimu wa michezo na kodi ya uhakika, zikajikuta ndani yake. Mwenye ukumbi mtupu saa tisa alasiri hapungukiwi na wazazi wa kumwomba aufungue.

Kwa watoto wadogo, wa miaka mitatu hadi mitano, kuna madarasa ya kucheza: saa chache za asubuhi, nyimbo, rangi, mafumbo ya mbao. Sharti la kawaida ni mtoto awe ameacha nepi, na wazazi wengi wamemfundisha mtoto choo kwa haraka kwa kuogopa tarehe ya usajili. Wa shule za msingi wana programu za baada ya masomo: kazi za shule kwanza, kisha mpira wa kikapu, kuchora au kupika. Katika vitongoji vingi mamlaka ya bustani hufungua hata alfajiri ndani ya shule yenyewe, ili mzazi anayewahi treni amwache mtoto kabla kengele haijalia.

Kiangazi ndicho mtihani. Shule hufungwa Juni na kufunguliwa Agosti, wiki zinazokaribia 10, wakati likizo ya mwajiriwa wa kawaida haifiki hata nusu ya hizo. Hapo ndipo kambi za mchana zinapoingia. Ya Chicago huchukua wiki sita, siku za kazi, na bei hutofautiana bustani hata bustani. Mtoto huenda na mkoba wenye nguo ya kuogelea, taulo, chupa ya maji na mafuta ya kuzuia jua. Mara nyingi karanga haziruhusiwi kwa sababu ya mzio wa wenzake. Asubuhi michezo, mchana bwawani, siku moja ya wiki safari ya makumbusho. Walezi wengi ni vijana wa vyuo na sekondari ya juu, na kwa wengi wao hiyo ndiyo ajira ya kwanza maishani. Bustani nyingi hutoa pia chakula cha bure kinacholipiwa na serikali kuu, maana mtoto maskini hula shuleni, na shule ikifungwa sahani nayo hufungwa.

Kupata nafasi ni kazi nyingine. Orodha ya programu hutolewa wiki kadhaa kabla ya msimu, na wazazi huisoma kama mkulima anavyosoma mawingu. Chicago hugawanya usajili kwa kufuata barabara ya California Avenue: bustani zilizo magharibi yake hufungua kwenye intaneti siku moja, za mashariki siku nyingine, saa tatu asubuhi. Kwenye bustani zinazopendwa nafasi huisha ndani ya dakika chache. Wazazi hukaa ofisini na kompyuta mbili, mume upande huu na mke upande ule, na atakayechelewa hubaki kwenye orodha ya kusubiri. Baadaye hufika siku ya kujiandikisha ana kwa ana, kwa ajili ya wasio na mtandao. Kinachofuata ni fomu: mzio, dawa, simu za dharura, na majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Mjomba ambaye jina lake halimo hatapewa mtoto, hata akilia. Sheria hiyo huwaudhi wageni kutoka kwetu, lakini sioni kosa lake.

Vitongojini mambo ni ya starehe zaidi. Huko Oak Park, magharibi ya jiji, majumba kadhaa ya bustani yamepewa majina ya waandishi walioandikia watoto: Andersen, Barrie, Carroll, Field, Stevenson. Mkazi hulipa bei ya mkazi. Anayetoka mji wa jirani hulipa zaidi, kwa kuwa kodi yake iko kwingine. Ni haki ya kihasibu, na ni ukuta vilevile. Mji wenye nyumba za bei kubwa hukusanya kodi nene na kujenga bwawa la ndani lenye maji ya vuguvugu. Mji wa maskini, hata ukitoza kiwango kikubwa zaidi, hupata kidogo.

Ndani ya Chicago yenyewe mgawanyo ulikuwa mbaya zaidi, na haukutokana na mahesabu. Tarehe 27 Julai 1919 kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alielea kwenye Ziwa Michigan akavuka mpaka usioandikwa kati ya ufuko wa weusi na wa weupe. Alirushiwa mawe, akazama. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mwaka 1982, Serikali ya Marekani iliishtaki Chicago Park District kwa kuzinyima bustani za mitaa ya weusi na ya Walatino huduma zilizopelekwa kwa weupe. Shauri lilimalizwa mwaka uliofuata kwa makubaliano ya mahakama yaliyoilazimu mamlaka kupeleka fedha na wafanyakazi kule ilikokuwa imekupuuza. Mwaka 2021 lilizuka jambo jingine: malalamiko ya wasichana waokoaji wa fukweni na mabwawani kwamba walinyanyaswa kingono na wenzao waliowazidi umri na cheo, na kwamba uongozi ulichelewa kuchukua hatua. Mkurugenzi mkuu alijiuzulu mwezi Oktoba. Mzazi anayemwacha mtoto bustanini ana haki ya kujua na hayo.

Ipo pia sura ya kujivunia, na duniani wachache wanajua ilianzia hapo. Katika miaka ya 1960 Anne Burke, mwalimu kijana wa michezo wa Chicago Park District, alikuwa akifundisha watoto wenye ulemavu wa akili. Alipendekeza mashindano ya jiji zima, akaomba msaada kwa Eunice Kennedy Shriver, dada wa hayati Rais Kennedy, na tarehe 20 Julai 1968 wanamichezo wapatao 1,000 wakakusanyika Soldier Field. Ndiyo yaliyokuwa mashindano ya kwanza ya Special Olympics. Tangu hapo mamlaka ndogo za Illinois zimejifunza kuungana, kadhaa kwa pamoja, kuajiri wataalamu wa watoto wenye ulemavu ambao hakuna hata moja ingewamudu peke yake.

Siku hizi Kiswahili husikika kwenye bustani hizo. Familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo zimepewa makazi Illinois, Chicago na katika miji kama Rockford, ambayo ina mamlaka yake ya bustani tangu mwaka 1909. Baba anafanya zamu ya usiku kiwandani, mama anasafisha hoteli, na shangazi aliyezoea kuwashika watoto amebaki kambini Tanzania au Burundi. Hao ndio waliokusudiwa na majumba ya mwaka 1905, ingawa mara nyingi ndio wa mwisho kuzisikia habari zake, kwa sababu tangazo hutoka kwa Kiingereza na kwenye mtandao.

Kwa hiyo, msomaji, kama una ndugu aliyehamia huko, mwambie asingoje Juni. Aende kwenye jumba la bustani la mtaa wake mwezi Februari au Machi, achukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto na ankara yenye anwani yake, aulize tarehe ya usajili wa kambi ya kiangazi, na kabla hajaambiwa bei aombe fomu ya msaada wa ada. Mamlaka nyingi zinayo, ila asiyeiomba hapewi.