Mgombea binafsi: Nani mwenye kauli ya mwisho juu ya Katiba?

KATIBA huitwa sheria mama kwa sababu sheria nyingine zote hupata uhai kutoka kwake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalieleza hilo bayana katika Ibara ya 64(5): sheria inayokwenda kinyume na masharti ya Katiba ni batili kwa kiasi inachokiuka masharti hayo.

Kanuni hiyo haina utata pale sheria ya kawaida inapogongana na Katiba. Mwananchi hufungua shauri Mahakama Kuu, majaji hupima, na sheria husimama au huanguka. Ugumu huanza pale Bunge linapoibadili Katiba yenyewe ili kupunguza haki ambayo mahakama imekwisha kuithibitisha. Je, mahakama inaweza kuliambia Bunge kwamba ibara ya Katiba haifai kuwamo katika Katiba?

Kesi ya mgombea binafsi ndiyo iliyolifikisha swali hilo mbele ya majaji wa Tanzania. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri mjini Dodoma akidai kwamba raia asilazimishwe kujiunga na chama ili agombee uongozi. Katiba wakati huo ilikuwa na pande mbili. Ibara ya 21 ilimpa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, na Ibara ya 20(4) ilikataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama. Lakini Ibara za 39 na 67 zilimtaka mgombea urais na ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho.

Oktoba 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua kwamba, ibara zinapopingana namna hiyo, tafsiri ielemee upande wa haki ya raia. Mgombea binafsi akaruhusiwa, ingawa kwa muda mfupi mno. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge lilipitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, na haki iliyomo katika Ibara ya 21 ikawekwa chini ya masharti ya Ibara za 39, 47 na 67. Mgongano ukaondolewa, na haki ikaondoka nao.

Bunge lilikuwa na uwezo huo kwa mujibu wa Ibara ya 98, ambayo hutaka theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa baadhi ya mambo ya Muungano, theluthi mbili ya wabunge wa kila upande, Tanzania Bara na Zanzibar. Mtikila hakukata tamaa. Alirudi mahakamani mwaka 2005, na mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walimpa ushindi, wakiona kwamba mabadiliko hayo yameigusa haki ya msingi kupita kiasi.

Serikali ilikata rufaa. Juni 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani, likiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, lilitengua uamuzi huo. Hoja yake ilikuwa nzito: mahakama haina mamlaka ya kufuta ibara ya Katiba iliyopitishwa kwa utaratibu wa Ibara ya 98, na suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge.

India ilikwisha kuchagua njia nyingine. Mwaka 1973, katika kesi ya Kesavananda Bharati, majaji 13 waligawanyika saba kwa sita, na walio wengi wakasema Bunge linaweza kubadili ibara yoyote mradi lisivunje muundo wa msingi wa Katiba. Kenya nayo ililijadili fundisho hilo katika kesi ya BBI. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa zililikubali mwaka 2021, lakini Mahakama ya Juu ikalikataa Machi 2022, ingawa iliuzuia mpango wenyewe kwa sababu nyingine: Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kupitia njia iliyotengwa kwa wananchi.

Hoja ya Mahakama ya Rufani ina mantiki yake, kwani majaji hawachaguliwi na wapigakura. Hata hivyo, inaacha shimo. Iwapo wabunge wote wameingia bungeni kwa tiketi ya vyama, kuwaachia wao peke yao uamuzi wa kumruhusu asiye na chama ni kumkabidhi fisi bucha.

Shauri lilivuka mipaka ya nchi. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki ya raia kushiriki katika utawala na uhuru wa kujumuika, ikaiagiza irekebishe Katiba na sheria zake. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilimruhusu mgombea huru, lakini mchakato wa Katiba mpya ulikwama kabla ya kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015. Mtikila alifariki dunia Oktoba mwaka huohuo. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025, kila jina lililokuwa kwenye karatasi ya kura ya urais lilikuwa na chama pembeni yake.