Matumizi na Utunzaji wa Meko Wakati wa Baridi

Katika nyanda za juu kama vile Makete, Njombe, Rungwe na Lushoto, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya baridi kali. Moto wa nyumbani huwashwa mapema na kuzimwa usiku sana, na huku mahindi ya mwanachama yamekaushwa darini juu ya meko. Moto ukipanda darini, chakula cha mwaka mzima huteketea kwa usiku mmoja. Hata hivyo, iko hatari nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo haina ndimi za moto.

Wengi hudhani kwamba mkaa uliokwisha kolea hauna madhara, kwa kuwa hautoi moshi. Dhana hiyo imeangamiza watu. Mkaa unapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuupa mwili oksijeni unayohitaji. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo. Lakini aliyelala hatambui dalili hizo, na huenda asiamke tena.

Kwa sababu hiyo, jiko la mkaa lisiachwe kamwe katika chumba cha kulala. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutosha. Jamaa waote moto mahali penye hewa, kisha jiko litolewe nje kabla ya kulala. Baridi ya usiku ikabiliwe kwa blanketi, au kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa vema na kuzungushiwa kitambaa. Mtu akikutwa amelegea chumbani, milango ifunguliwe, atolewe nje upesi na kufikishwa hospitali, hata kama anaonekana kupata nafuu.

Nyumba yenye meko ya kuni na dohani nayo ina masharti yake. Masizi yanayoganda ndani ya dohani huweza kushika moto; hivyo hapana budi yasuguliwe angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi kuingia. Kuni mbichi ndizo huzidisha masizi na moshi unaodhuru mapafu, hasa ya watoto wadogo. Yafaa kuni zipasuliwe na kuanikwa chini ya paa kwa muda usiopungua miezi 6. Mafuta ya taa au petroli yasimwagwe kamwe juu ya makaa.

Majivu nayo huficha makaa hai kwa siku kadhaa. Yasitiwe katika kikapu au gunia, bali katika debe la bati lenye kifuniko, liwekwe nje mbali na ukuta na ghala. Yakikaa humo siku 4 na kupoa kabisa, yanaweza kupelekwa migombani.

Pembeni mwa meko pajengwe ukingo wa matofali kuwazuia watoto. Mtoto akiungua, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Asipakwe mafuta, dawa ya meno wala majivu.

Inafaa kamati za vyama vya msingi zilizungumze jambo hili katika mikutano ya kabla ya Juni. Zisimsahau mlinzi wa ghala, ambaye mara nyingi hujifungia kibandani pamoja na jiko la mkaa. Apewe koti zito, na atengewe mahali pa kuotea moto nje, mbali na magunia. Bei ya koti ni ndogo mno ikilinganishwa na maisha ya mlinzi na mazao ya wanachama anayoyalinda.