Sakafu Mpya ya Karakana Isipakwe kwa Haraka

Sakafu ya zege iliyomwagwa mwezi uliopita huonekana kavu, na ukiigusa kwa kiganja hutahisi unyevu wowote. Ndani bado ina maji. Saruji huhitaji maji yapatayo robo ya uzito wake ili igande. Mengine fundi huyaongeza zege lipate kulainika na kusambaa. Hayo ya ziada hutoka juu taratibu sana. Kwa makadirio ya kawaida, kila sentimita mbili na nusu za unene hukauka kwa mwezi mmoja, hivyo jamvi la sentimita 10 lahitaji kama miezi minne. Zile siku 28 zinazotajwa kila mara ni kipimo cha nguvu ya zege. Ukavu ni habari nyingine.

Ndiyo maana mimi huwaomba wenye karakana waahirishe safari ya dukani kununua rangi. Kata kipande cha nailoni nzito chenye upana wa sentimita 45 kila upande, kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi kingo zote nne, ukiache saa 16 au zaidi. Ukikifunua ukakuta matone, au zege limekuwa jeusi, subiri. Miezi ikipita na matone hayakomi, yaelekea jamvi lilimwagwa bila nailoni chini yake, na unyevu wa ardhi unapanda. Sakafu ya namna hiyo, ambayo si ngeni katika maeneo ya pwani yenye maji karibu, haifai kupakwa epoksi: rangi itavimba malengelenge na kubanduka.

Baada ya hapo ndipo uulize kitakachoangukia sakafu hiyo.

Kwa seremala au fundi wa kuchomelea, adui ni vumbi la saruji lenyewe, na hapo silikati inatosha. Ni dawa nyepesi kama maji: huzama vinyweleoni, hukutana na chokaa iliyobaki saruji ilipoganda, na kwa pamoja hujenga kiungo kilekile kinachoipa saruji ugumu wake. Haiachi utando juu, kwa hiyo hakuna cha kubanduka. Lakini haizuii doa la oili, wala asidi ya betri.

Gereji ya magari ina mahitaji mengine. Akriliki ni rahisi kwa bei, ila petroli huilainisha na tairi lenye joto huing'oa, siipendekezi. Epoksi huvumilia oili na asidi hafifu, mradi sakafu isagwe kwanza kwa mashine. Juu ya zege jipya huwa kuna tabaka dhaifu la saruji nyepesi, na hali huwa mbaya zaidi pale fundi aliponyunyiza saruji kavu ili ang'arishe. Epoksi hushika tabaka hilo kwa nguvu, kisha tabaka ndilo linaloachana na zege. Anayesaga avae barakoa ya vumbi, si kitambaa, kwani vumbi lile huharibu mapafu daima.

Msimu nao una uzito. Asubuhi za masika sakafu hutoa jasho, na epoksi iliyopakwa juu ya jasho haishiki. Kipupwe ni bora. Changanya kiasi kidogo kidogo, maana katika joto letu mchanganyiko huanza kuganda ungali ndooni. Rushia mchanga mkavu kwenye koti la kwanza, la sivyo oili ikimwagika mtu atateleza. Karibu na mlango, jua huigeuza epoksi kuwa ya njano, hivyo koti la mwisho liwe la poliuretani.

Fedha ikiwa haba, usinunue epoksi hafifu ya kufunika karakana nzima. Paka silikati sehemu nyingine zote, na epoksi nzuri iwe ya eneo la kumwagia oili na meza ya betri peke yake.