Amemaliza Sekondari: Je, Bado Ana Nafasi Katika Timu ya Roboti?

Kila mwaka ifikapo Mei na Juni, vijana wa hapa Marekani huvaa majoho, hupokea vyeti vya sekondari na kuagana na walimu wao. Miongoni mwao wamo waliotumia jioni na Jumamosi za miaka mitatu au minne wakikaza skrubu, wakiunganisha nyaya na kuandika programu za roboti ya shule. Wazazi wengi, wakiwemo waliohamia huku kutoka Afrika Mashariki na Kongo, huuliza: je, kijana huyo anaruhusiwa kuendelea na timu yake?

Jibu hutegemea mashindano yenyewe. Tuanze na yale yajulikanayo zaidi kwa wanafunzi wa sekondari, FIRST Robotics Competition. Taasisi ya FIRST iliasisiwa mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, na mashindano yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja mjini Manchester, jimbo la New Hampshire. Timu zilikuwa 28 tu. Leo zimezidi 3,000, nazo hutoka katika mataifa mengi.

Kanuni za mashindano hayo humtambua mwanafunzi kuwa ni mtu ambaye, kufikia tarehe mosi Septemba kabla ya msimu kuzinduliwa, hajamaliza sekondari au kiwango kinacholingana nayo. Msimu huzinduliwa mwanzoni mwa Januari, na fainali hufanyika Aprili. Kwa hiyo aliyehitimu Juni hana tena nafasi ya mwanafunzi katika msimu unaofuata, hata kama ana umri wa miaka 17 tu na hajaanza chuo.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hulipita bila kuliona. Kipimo cha kanuni hiyo ni kumaliza shule; umri hautajwi. Mfikirieni kijana wa Kikongo aliyekulia katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, au Kakuma huko Kenya, akaletwa Marekani akiwa na miaka 17 na kuingizwa darasa la tisa au la kumi kwa sababu masomo yake yalikatizwa na vita na safari. Atahitimu akiwa na miaka 20 hivi, na majimbo mengi humruhusu kusoma katika shule ya serikali hadi umri huo. Kwa FIRST, huyo ni mwanafunzi kamili hadi siku atakapohitimu. Kwa maoni yangu, hiki ni kipimo cha haki kuliko kuhesabu miaka, kwani miaka ya ukimbizini haikuwa hiari ya mtoto.

Tarehe ya Septemba nayo imefuata kalenda ya shule za Marekani, na kwa watu wa kwetu huleta matokeo ya ajabu kidogo. Mkenya aliyefanya mtihani wake wa kumaliza sekondari mwezi Novemba, kwa maneno ya kanuni hiyo, bado ni mwanafunzi Januari inayofuata. Mtanzania aliyemaliza kidato cha sita mwezi Mei amekwisha kupitwa.

Mashindano mengine yana masharti makali zaidi. Yale ya VEX kwa shule za sekondari hutaka mambo mawili kwa pamoja: kijana awe anasoma masomo ya sekondari katika msimu huo, na umri wake usizidi miaka 19 wakati wa fainali za dunia. Aliyecheleweshwa masomo kwa sababu ya ulemavu huweza kukubaliwa. FIRST Global, ambayo huita timu moja kutoka kila nchi na ambayo mwaka 2019 ilifanyika Dubai, ni ya vijana wa miaka 14 hadi 18. Yule kijana wetu wa Nyarugusu angekataliwa hapo, ingawa bado yuko darasani.

Je, mhitimu afunge virago? La. Timu nyingi huwapokea wahitimu wao kama washauri, na FIRST inaruhusu. Ila hadhi yake imebadilika. Hapa Marekani mtu mzima anayetaka kuwalea wanafunzi hao hupitia kwanza uchunguzi wa rekodi zake, kwa ajili ya usalama wa watoto. Uwanjani, roboti huendeshwa na wanafunzi peke yao. Mhitimu anaweza kusimama kama kocha wa mchezo na kutoa maelekezo kwa dakika mbili na nusu hivi, lakini mkono wake usiguse usukani. Ni zoezi gumu kwa aliyekuwa dereva mwaka uliopita! Na katika karakana ni gumu zaidi, maana huko hakuna refa wa kumzuia asimpokonye mdogo wake bisibisi.

Anayetaka kuendelea kushindana mwenyewe atafute timu za vyuo. VEX wana tawi la wanafunzi wa elimu ya juu. Asasi ya Mars Society huandaa, katika jangwa la Utah, mashindano ya magari yasiyo na dereva yaliyobuniwa kwa mazingira ya sayari ya Mirihi. Barani Asia kuna ABU Robocon, yaliyoanza Tokyo mwaka 2002.

Mzazi anayemwandikisha mtoto aliyewasili karibuni asingoje hadi Januari. Darasa atakalopangiwa siku ya kwanza ndilo litakaloamua atabaki na misimu mingapi, na shule hupanga kwa kutazama hati zilizoletwa kutoka nyumbani. Kijitabu cha kanuni za FIRST hutolewa bure kwenye intaneti siku ya uzinduzi wa msimu, na maana ya neno mwanafunzi imo katika faharasa, kurasa za mwishoni.